Marina juu ya mikoko iliyohifadhiwa: pingamizi lianzie wapi?

Mwana wa Hori:

Ndugu zangu, salaam. Naandika kutoka Kaunti ya Kwale kwa niaba ya wanakijiji wenzangu, ambao wengi wao ni wavuvi wa dema na mitumbwi, pamoja na akina mama wanaookota chaza na kukusanya kaa maji yanapokupwa. Kampuni moja imependekeza kujenga marina ndani ya hori letu, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu: gati za kuegesha boti za starehe, hoteli, nyumba za kuuzwa, na mkondo utakaochimbwa ili boti kubwa ziweze kuingia wakati wowote. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni mikoko ambayo tangu utotoni tumeambiwa ni msitu wa serikali, na kijana akikutwa na boriti chache bila kibali hupelekwa mahakamani.

Wataalamu walioajiriwa na kampuni walitujia mara moja tu, wakazungumza nasi chini ya mwembe na kupitisha karatasi ya mahudhurio. Sasa tunasikia kwamba karatasi hiyo imeambatishwa kwenye ripoti yao kuwa ushahidi wa wananchi kuukubali mradi. Ripoti yenyewe hatujaiona. Tumeelezwa pia kwamba kampuni ina hatimiliki inayofika hadi majini, na kwamba kwa kila mkoko utakaokatwa mingine mitatu itapandwa mahali pengine.

Naomba wenye ujuzi watusaidie. Je, hatimiliki hiyo inatosha kuufuta ulinzi wa mikoko? Ahadi ya kupanda mingine tuijibu vipi? Na pingamizi linaloweza kusikilizwa huanzia wapi, maana hadi sasa tumefanya maandamano mawili na hakuna aliyetujibu?

Wakili wa Likoni:

Mwana wa Hori, nianze na hatimiliki, kwa kuwa ndilo jambo linalowatisha watu wengi bila sababu ya kutosha. Misitu ya mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali kwa Tangazo Namba 44 la tarehe 30 Aprili 1932, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Ibara hiyo hiyo inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika fungu hilo la ardhi ya umma. Kwa hiyo hati inayodai kufika hadi majini inapaswa kuulizwa ilitolewa lini, na nani, na kwa mamlaka gani. Ombeni nakala ya ramani ya upimaji muilinganishe na mipaka ya msitu iliyo katika ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Nimeona mara kadhaa mzozo mkubwa ukipungua nguvu pale ramani hizo mbili zilipowekwa juu ya meza moja.

Hata kama serikali yenyewe ingetaka kuitoa sehemu ya msitu huo, haiwezi kufanya hivyo kwa barua ya afisa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kifungu cha 34, inataka ombi la kubadilisha mipaka ya msitu wa umma lifikishwe Bungeni. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa kila ofisi, kabla hamjazungumzia samaki wala boti, liwe hili: ombi hilo liliwasilishwa lini, na liliamuliwaje? Kama jibu ni kwamba halijawahi kuwasilishwa, basi marina inapangwa juu ya ardhi ambayo bado ni msitu.

Kuhusu ripoti msiyoiona: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo na kabla ya siku 21 kupita. Andikeni kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni za miradi, kwa kaunti na kwa Shirika la Misitu, kila barua peke yake, mkitaja hati mnazozitaka kwa majina. Mkipuuzwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala.

Sasa nije kwenye karatasi ya mahudhurio. Msiidharau, kwa sababu huko ndiko kesi nyingi za mazingira huamuliwa. Mwaka 2016 shirika la Save Lamu pamoja na wakazi watano walikata rufaa dhidi ya leseni iliyotolewa kwa kampuni ya Amu Power kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, ambalo wengi hulifahamu kama NET, liliifuta leseni hiyo. Sababu kuu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, kwa hiyo watu hawakuwa wameelezwa athari ambazo hata wataalamu walikuwa bado hawajaziandika. Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira, hasa kanuni ya 17, zinataka mradi utangazwe kwa mabango, magazetini na redioni kwa lugha ambazo watu wanazielewa, na kufanyike mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa, ili waelezwe mradi na athari zake. Mkutano mmoja chini ya mwembe, bila ripoti, hauwezi kugeuzwa kuwa mitatu.

Kila aliyetia saini karatasi ile aandike hati ya kiapo fupi: alihudhuria lini, aliambiwa nini, hakuambiwa nini, na alielezwa kwamba saini yake ni ya kazi gani. Hati kumi za namna hiyo zina uzito kuliko maandamano kumi, ingawa sisemi maandamano hayana faida.

Bi Mchu:

Namuunga mkono Wakili, nami nitajibu lile la kupanda mikoko mitatu kwa mmoja, kwa kuwa nimefanya kazi ya vitalu vya mikoko kwa muda mrefu na ahadi hiyo naijua vizuri.

Mkoko hauoti popote penye maji ya chumvi. Kila aina ina mahali pake kulingana na muda ambao bahari huifunika. Kwenye ukingo wa bahari utaukuta mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe wa mizizi ya magoti, kisha muia na mkandaa, na kuelekea nchi kavu mchu, ambao huvumilia hata pale maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapokauka na kuacha chumvi. Miradi mingi ya kupanda hushindwa kwa sababu miche ya mkoko, ambayo ni rahisi kuiokota na kuichomeka, huchomekwa kwenye tope tupu la chini au juu ya nyasi za baharini, ambako maji huifunika kwa saa nyingi kupita uwezo wake. Baada ya kusi moja miche hufa, na nyasi zilizokuwepo zimekanyagwa. Mahali panapofaa kuota mikoko kwa kawaida tayari pana mikoko. Na pale ambapo haipo ingawa iliwahi kuwepo, sababu iliyoiondoa lazima iondolewe kwanza. Waulizeni watu wa kampuni: mtapanda wapi, aina gani, kwenye kimo gani cha maji, nani atahesabu miche iliyo hai baada ya miaka mitano, na eneo hilo kwa sasa lina nini? Nimeuliza maswali hayo katika vikao vingi na bado nasubiri jibu lililoandikwa.

Lakini ninaogopa uchimbaji wa mkondo kuliko hata ukataji. Mwone unavyofanya kazi. Udongo wa chini ya hori ukichimbwa, chembe laini huelea na kusambazwa na kila maji kujaa na kupwa. Zinapotua hufunika nyasi za baharini, ambazo ndizo malisho ya tafi na malezi ya samaki wengi wadogo, na hufunika mizizi ya kupumulia ya mchu na mlilana. Mizizi ikizibwa, mti hukosa hewa. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi hadi hori la Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Mikoko hiyo haikufa kwa kukatwa.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti za ushauri hulipitia kwa sentensi moja. Tope la mikoko lina madini ya salfidi ya chuma, ambayo yakikaa chini ya maji hayamdhuru mtu. Tope hilo likizolewa na kurundikwa juu ili kutengeneza kiwanja cha hoteli, hewa huyageuza madini hayo kuwa asidi ya salfuriki, na mvua huirudisha asidi hiyo majini. Ripoti isiyoeleza tope litakalochimbwa litapelekwa wapi, kwa kiasi gani, na litazuiwaje lisitoe asidi, ina pengo ambalo hata mtu asiye mtaalamu anaweza kulitaja kwa maandishi. Ongezeni na rangi zinazopakwa chini ya boti ili konokono na makome wasishike: nyingi zina shaba, na marina ni mahali ambapo boti nyingi hukaa pamoja katika maji yaliyozuiwa yasitembee kwa nguvu.

Ushahidi wenu wenyewe una thamani kubwa hapa. Mvuvi anayejua ni sehemu gani ya hori hupata kamba wakati wa kaskazi, na mama anayejua chaza wako wapi maji ya bamvua yanapokupwa, wana ramani ambayo mshauri wa siku moja hana. Chorani ramani hiyo. Kila kundi lichore lake, mwandike tarehe na mpige picha wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa mahali pale pale. Rekodi za samaki za kikundi chenu cha usimamizi wa ufuo, kama zimehifadhiwa, ziwe za kwanza kunakiliwa.

Msafiri wa Queensland:

Mimi ni mtu wa pwani hiyo ninayeishi Australia kwa sasa, na naona kuna kesi ya huku ambayo inafanana na yenu kiasi cha kustahili kuelezwa, ingawa sheria ni tofauti.

Katika mji wa Cleveland, kusini mashariki ya Brisbane, kuna bandari ndogo iitwayo Toondah Harbour, kwenye ghuba ya Moreton Bay, ambayo tangu mwaka 1993 imo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo ya namna hiyo. Mwaka 2013 serikali ya jimbo la Queensland ilitangaza Toondah kuwa eneo la maendeleo ya kipaumbele, na kampuni ya Walker Corporation ikaja na mpango wa marina pamoja na takriban nyumba 3,600 za ghorofa, sehemu kubwa ikijengwa juu ya tope ambalo lingefukiwa. Hebu fikirini: serikali ya jimbo iliutaka mradi, halmashauri ya mji iliutaka, kampuni ilikuwa na fedha. Wakazi walikuwa na tope na ndege.

Ndege huyo ndiye aliyeibeba hoja. Jina lake la kitaalamu ni Numenius madagascariensis, ana mdomo mrefu uliopinda, huzaliana Urusi na kaskazini mashariki ya China, na huruka maelfu ya kilomita kuja kula kwenye matope ya Australia. Idadi yake imeshuka sana, naye nchini Australia amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakazi waliacha kusema kwamba mradi ni mbaya, wakaanza kuonyesha ndege huyo anakula wapi, anapumzika wapi maji yanapojaa, na sehemu hizo ziko umbali gani kutoka ghorofa zilizopendekezwa. Wakati huo huo hati za serikali zilizopatikana kwa sheria ya habari zilionyesha kwamba wataalamu wa wizara ya mazingira walikwisha kushauri kuwa mradi haukubaliki, lakini ukaruhusiwa kuendelea na tathmini. Hati hizo zilibadilisha mjadala, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba wapinzani ni watu wa hisia tu.

Ripoti ya athari ilipowekwa wazi kwa maoni mwishoni mwa mwaka 2022, maoni zaidi ya 26,000 yalipelekwa. Mwezi Aprili 2024 waziri wa mazingira wa shirikisho, Tanya Plibersek, alitangaza kwamba anakusudia kuukataa mradi, na kampuni ikaondoa maombi yake. Zingatieni miaka: tangu 2013 hadi 2024. Watu waliokuwa na watoto wadogo walipoanza walimaliza wakiwa na watoto wa sekondari, na hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa maandamano mawili si dalili ya kushindwa.

Hori lenu halimo katika orodha ya Ramsar, nami sidai kwamba njia ni ile ile. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990, na kwa upande wa pwani ni delta ya mto Tana iliyoorodheshwa, mwaka 2012. Jirani zenu wa Tanzania wana eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoorodheshwa mwaka 2004. Ninyi mna tangazo la 1932 na Katiba, ambavyo kwa maoni yangu vina makali zaidi mahakamani.

Kijana wa Ukunda:

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba niseme lisilosemwa. Vijana wa hapa hawana kazi. Hoteli zinapofungwa wakati wa kusi, tunakaa vijiweni. Kampuni ikija na kusema itaajiri, wazee wanaleta hadithi za ndege na mizizi, kisha wanarudi majumbani kwao. Mkipinga marina mtatupa nini? Na isitoshe, mikoko hiyo hiyo inakatwa usiku na watu wa kijiji kwa ajili ya boriti na kuni, na wote tunawajua.

Bi Mchu:

Mwanangu, hoja yako ni ya haki, na pingamizi lisilolijibu swali la kazi litavunjwa kutoka ndani kabla halijafika kwa NEMA. Kampuni inajua hivyo. Ndiyo maana hukutana na vijana peke yao na wazee peke yao.

Kuhusu ajira zilizoahidiwa, ombeni ziandikwe: ngapi ni za kujenga, ambazo huisha jengo likiisha, ngapi ni za kudumu, na kwa ujuzi gani. Kuendesha na kutengeneza boti za anasa ni ufundi, na kama hakuna mpango wa kuwafunza vijana wa hapa, kazi hizo zitajazwa na watu kutoka nje. Upande wa pili wa mizani kuna kazi ambazo hazina barua ya ajira, yaani za mvuvi, mchuuzi wa samaki, mwenye kukaanga, mwenye kuunda mitumbwi, na ripoti za miradi huziandika kana kwamba hazipo.

Kisha nenda Gazi, si mbali na kwenu. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni, ukilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa, yaani kulipwa kwa ukaa ambao msitu unauzuia usirudi hewani, na mapato yake yameingia katika maji, shule na upandaji. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sitakudanganya kwamba fedha hizo zinaweza kuajiri kijiji kizima, ni kidogo. Lakini ni fedha ambazo wanakijiji wenyewe hukaa kikao kuamua matumizi yake, na msitu bado upo, pamoja na kaa na samaki wake. Watu wa Vanga walipoona hivyo nao wakaanzisha mradi wao.

Na hao wakataji wa usiku, watajeni katika hati zenu kabla kampuni haijawataja. Andikeni kwamba tatizo lipo, na mpendekeze doria ya pamoja na Shirika la Misitu. Hoja ya kwamba msitu umekwisha kuharibika hivyo uachwe uishe ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa washauri wa miradi, na haifai kuachwa bila jibu.

Mwana wa Hori:

Nawashukuru nyote, na Kijana wa Ukunda pia, kwa kuwa kwetu hali ni hiyo hiyo. Nina maswali mawili ya mwisho. Tumeanza kukusanya saini na tunatarajia kupata nyingi. Je, saini nyingi zinatosha? Na ikiwa leseni itatolewa kabla hatujapata ripoti, tutakuwa tumechelewa?

Wakili wa Likoni:

Saini zinaonyesha kwamba mko wengi. Hazionyeshi ni nini kilicho na kasoro ndani ya ripoti, na afisa anayepitia maoni hutafuta hilo la pili. Barua elfu moja zenye maneno yale yale huhesabiwa kama hoja moja. Afadhali barua hamsini tofauti: mvuvi aandike juu ya mkondo, mama wa chaza aandike juu ya ufuo, mwalimu aandike juu ya njia ya wanafunzi itakayozibwa, kila mmoja akitaja ukurasa wa ripoti anaoupinga. Saini ziambatishwe nyuma, na juu ya kila ukurasa wa saini kuandikwe kwa ukamilifu jambo linalotiwa saini, ili yasije yakatokea ya karatasi ya mwembe.

Leseni ikitolewa, hamjachelewa, lakini saa inaanza kuhesabu. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira kinatoa siku 60 za kukata rufaa kwa Baraza, na siku hizo hupita upesi mkiwa bado mnatafuta wakili. Msidhani kwamba kuwasilisha rufaa peke yake kutazima mitambo. Ombeni siku hiyo hiyo amri ya kusimamisha kazi. Mbali na rufaa, ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au madhara, kwa hiyo hakuna atakayewaambia msubiri hadi samaki wapungue.

Nasisitiza kutosubiri kwa sababu ya bandari ya Lamu. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ilikuwa hukumu kubwa kwa wavuvi wa nchi hii. Lakini ilitolewa wakati uchimbaji ulikwisha kufanyika na maeneo ya kuvua yamekwisha kuguswa. Ninyi bado mna hori zima.

Wiki hii fanyeni mambo haya: barua tatu za kuomba ripoti na ramani, zipelekwe kwa mkono, na nakala zenu zipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha mteue mtu mmoja wa kusoma Gazeti rasmi la Serikali kila Ijumaa, maana tangazo la kualika maoni huchapishwa humo na katika gazeti la kawaida, na kipindi cha maoni huhesabiwa kuanzia hapo. Mkilipata tangazo, lileteni hapa nami nitawasaidia kupanga barua za kwanza.